Nimebadilishiwa dawa ya akili, sasa siwezi kukaa kitini

SWALI

Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 31, ni fundi cherehani mkoani Morogoro. Baada ya kujifungua mtoto wa pili niliugua. Nilikuwa nasikia sauti, nikaamini wifi yangu anataka kumpa mtoto sumu. Nililazwa, nikaanzishiwa olanzapini miligramu 10 kila usiku, nikapona na kurudi kwenye kazi yangu. Shida ikawa mwili. Kutoka kilo 58 nimefika 79, na sukari ikaanza kupanda. Wiki tatu zilizopita kliniki wakaniachisha olanzapini na kunipa risperidoni, kidonge cha miligramu 2 asubuhi na kingine jioni, nianze siku hiyohiyo.

Tangu hapo sina raha. Usiku wa tatu usingizi ulinikimbia. Siku ya tano ikaja habari ya miguu. Si maumivu wala ganzi, ni kama kuna kitu ndani kinanisukuma ninyanyuke. Nikikaa kushona, mshono mmoja sijaumaliza nimeshasimama. Usiku nazunguka uani mpaka majogoo. Hedhi haijaja, na nikibonyeza chuchu yanatoka maziwa, wakati mwanangu wa mwisho ana miaka minne. Mume wangu anasema ugonjwa unarudi. Mama mkwe anataka nipelekwe kwenye maombi. Jirani yetu ambaye ni nesi kaniambia niongeze kidonge cha mchana. Nimenunua Piriton nilale, haisaidii. Nataka kuacha dawa zote, maana juzi usiku nilijikuta nawaza heri nisingekuwepo. Nifanyeje?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Naanza na ile sentensi yako ya mwisho, maana ndiyo iliyonifanya nikujibu kabla ya barua nyingine.

Wazo la kwamba heri usingekuwepo limekuja usiku, baada ya wiki mbili za kutotulia na kukosa usingizi. Nimewasikia wagonjwa wengi wakilisema katika hali kama yako, watu ambao hawakuwahi kuwa na wazo hilo maishani, na likaondoka baada ya miguu kutulia. Lakini kwa sasa lipo, na halichezewi. Mwambie mumeo leo, kwa maneno hayohayo uliyoniandikia. Mpe vidonge vyote vilivyomo nyumbani avitunze yeye na akupe dozi kwa dozi. Usilale chumba cha peke yako. Wazo likirudi kwa nguvu, au likianza kuja na mpango, usisubiri kuche: nendeni hospitali usiku huohuo, mwone daktari wa zamu. Hiyo ni dharura sawa na kutokwa damu.

Sasa miguu. Kwa maelezo yako, hicho kinachokusukuma kina jina: akathizia. Ni udhia wa dawa, wala si tabia yako, na kwa jinsi ulivyoandika barua yako kwa mpangilio, tarehe kwa tarehe, sioni kwamba ugonjwa wako wa awali umerudi. Hilo la mwisho lazima lithibitishwe na mtu atakayekuona uso kwa uso, ila mimi naliona hivyo, na nitakueleza kwa nini.

Daktari wa Prague aitwaye Ladislav Haškovec aliielezea hali hii mwaka 1901, kwa watu walioshindwa kabisa kukaa chini. Wakati huo dawa za saikosisi, yaani ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, hazikuwepo. Ya kwanza, kloropromazini, ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili mwaka 1952 huko Paris, na haikuchukua muda madaktari wakaanza kuwaona wagonjwa wao wakipiga hatua palepale walipo, wakikaa na kusimama, wakikaa na kusimama. Tangu hapo kila dawa ya kundi hilo imekuja na udhia huu kwa kiasi chake. Haloperidoli, ambayo hospitali zetu nyingi zinayo, huuleta mara nyingi. Risperidoni huuleta kidogo kuliko haloperidoli, lakini inauleta, hasa dozi ikipanda haraka. Olanzapini uliyokuwa unatumia ni miongoni mwa zinazouleta kwa nadra zaidi. Ndiyo maana miaka yote hiyo hukuwahi kuujua.

Dawa hizi hufanya kazi kwa kukaa kwenye vipokezi vya dopamini kwenye ubongo, yaani mahali inapopokelewa kemikali hiyo inayobeba ujumbe. Picha za ubongo za wagonjwa zimeonyesha kwamba sauti na shuku huanza kupungua dawa ikishika takriban asilimia 65 ya vipokezi hivyo, na ikikaribia asilimia 80 maudhi ya misuli na kutotulia huongezeka sana. Nafasi iliyo kati ya namba hizo mbili ni nyembamba, na kila mwili una mahali pake. Miligramu 4 za risperidoni kwa siku si dozi ya ajabu, wako wanaoimeza miaka na miaka bila shida. Ila kwa wengi tunaanza na 1 au 2, tunangoja, ndipo tunapanda. Wewe umefikishwa 4 siku ya kwanza, na siku hiyohiyo olanzapini ikakatwa yote. Kwa hiyo kuna mambo mawili yanayokusumbua kwa pamoja: dawa iliyoingia kwa kasi, na dawa iliyoondoka ghafla.

Hii ya pili watu huisahau. Olanzapini, pamoja na kazi yake kwenye dopamini, huzuia histamini, kemikali nyingine ambayo kwenye ubongo humweka mtu macho, na hapo ndipo ulipokuwa unapata usingizi mzito na ile njaa isiyoisha. Nusu yake hutoka mwilini ndani ya saa 30 hivi, kwa hiyo siku ya pili na ya tatu ndipo ubongo wako ulipoanza kuhisi haipo, na usingizi wako ulikimbia usiku wa tatu. Baadhi ya watu hutokwa jasho, wakasikia kichefuchefu, wakawa na hasira za karibu. Kwa kawaida hayo hupungua yenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Ndiyo sababu, mgonjwa asipokuwa na dharura, tunapenda kubadilisha dawa kwa kupishanisha: ya zamani inashuka kidogo kidogo huku mpya inapanda kidogo kidogo, kwa wiki mbili hadi nne. Kwenye kliniki yenye foleni mpaka nje na daktari mmoja, hilo la kupishanisha huwa gumu, kwa sababu linahitaji mgonjwa arudi kila baada ya siku chache. Silaumu waliokuhudumia. Na uamuzi wenyewe wa kukutoa kwenye olanzapini ulikuwa na sababu nzuri: kilo 21 na sukari inayopanda kwa mama wa miaka 31 si jambo la kuachwa liendelee.

Nirudi kwenye suala la kama ugonjwa umerudi, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumizwa. Nimemwona kijana aliyeletwa na ndugu zake huku ameshaongezewa dozi mara mbili kwingineko kwa sababu "anazurura, hatulii". Kwenye benchi la kusubiria alikuwa hasogei popote, ila nyayo zake zilikuwa zinakanyaga sakafu kwa zamu, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kandambili zimelika upande wa kisigino. Nilimwuliza, "Unatembea kwa sababu kuna mahali unataka kwenda, au kuna kitu kinakuamuru?" Akanijibu, "Mimi sitaki kutembea. Miguu ndiyo haitaki kukaa." Kila alipoongezewa dawa, kutotulia kulizidi, na kadiri kulivyozidi ndivyo alivyoonekana kuugua zaidi, basi akaongezewa tena. Tulipunguza dozi. Ndani ya siku chache akakaa akala chakula chake mpaka mwisho.

Swali lile nililomwuliza yeye nawe jiulize. Mtu ambaye ugonjwa unamrudia hutembea kwa sababu ana hofu, au anafuatwa, au ana kazi kubwa aliyopewa na sauti, na mara nyingi haoni tatizo lolote. Hali haimsumbui yeye, inawasumbua walio karibu naye. Mwenye akathizia anajua kabisa kwamba hataki kutembea, anachukia, anapata nafuu kidogo akitembea, na akisimama tu kinaanza upya. Kimekaa zaidi miguuni na kwenye mapaja, ingawa wengine hukisikia kifuani kama wasiwasi usio na sababu. Halafu angalia tarehe: kimeanza siku chache baada ya dawa mpya. Ugonjwa kurudi baada ya kubadilishiwa dawa huwezekana, ila mara nyingi huja taratibu zaidi, na huja na dalili zake za zamani. Zako unazijua: sauti, na ile shuku juu ya wifi yako. Hujaniandikia kwamba unazisikia tena. Kama zipo na umeona haya kuziandika, zitaje kliniki, maana hapo mpango unabadilika.

Kuna njia ya kukipima ambayo hata mumeo anaweza kuifanya, na imetoka kwenye kipimo kilichochapishwa mwaka 1989 na daktari Mwingereza, Thomas Barnes. Ukae kwenye kiti dakika mbili, kisha usimame dakika mbili, huku mnaongea mambo ya kawaida, habari za shule au bei ya vitambaa. Yeye aangalie miguu, wala asiangalie uso. Ukiwa umekaa, je, unaisugua chini, unaikunja na kuikunjua, unatingisha mguu mmoja juu ya mwingine? Ukiwa umesimama, unahamisha uzito toka mguu huu kwenda ule bila kuacha, au unapiga hatua palepale? Baadaye akuulize kama unahisi msukumo wa kutembea, na kama unakutesa. Ukikubali, achukue video ya miguu tu kwa simu. Nakwambia hivi kwa sababu kwenye chumba cha daktari mtu anaweza kujibana dakika tano akaonekana ametulia, na dakika tano mara nyingi ndizo zote utakazopewa.

Sasa la kufanya.

Usiongeze kidonge cha mchana. Jirani yako amekusudia mema, na kama kweli ingekuwa ugonjwa unarudi ushauri wake ungekuwa na maana, lakini kwa akathizia ni kuumwagia moto mafuta ya taa. Na usiache dawa zote kwa mkupuo. Najua inavyovutia. Ukiacha leo, baada ya siku kadhaa miguu itaanza kutulia na utajisikia umefunguliwa, utasema kumbe nilikuwa mzima siku zote. Saikosisi hairudi kesho yake. Hurudi baada ya wiki kadhaa au miezi, wakati kila mtu ameshasahau kwamba dawa ziliachwa, na hapo watasema umerogwa. Kama unajiuliza, baada ya miaka minne, iwapo bado unahitaji dawa, hilo ni swali la haki kabisa na unastahili kujibiwa. Ugonjwa unaotokea baada ya kujifungua una mwenendo wake tofauti, na wapo wanaofika mahali pa kupunguza hadi kuacha chini ya uangalizi. Liulize ukiwa umelala vizuri mwezi mzima. Lisiamuliwe saa tisa usiku uani.

Usisubiri tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye kadi. Nenda kesho. Kama si siku ya kliniki ya afya ya akili, mwone daktari wa wagonjwa wa nje. Kupunguza dozi kwa muda ni jambo analoweza kulifanya kwa kupiga simu moja kwa mwenzake wa kliniki. Ukifika usianze na "najisikia vibaya", kwa sababu maneno hayo kila mtu kwenye foleni anayo. Sema hivi: "Dawa yangu ilibadilishwa tarehe fulani, kutoka olanzapini 10 usiku kwenda risperidoni 2 mara mbili. Tangu siku ya tano miguu haitulii, siwezi kukaa dakika tano, sijalala, na nimepata wazo la kutaka kufa. Sauti sisikii. Naomba niangaliwe akathizia." Liandike kwenye karatasi ukihofia utasahau. Beba na vidonge vyenyewe kwenye pakiti zake, pamoja na hiyo Piriton.

Huko watakuwa na njia zaidi ya moja, nami nakutajia ili usiondoke na karatasi usiyoielewa. Ya kwanza, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa hali yako, ni kupunguza risperidoni, kwa mfano nusu, na kuona. Mara nyingi hiyo peke yake inatosha. Wanaweza pia kurudisha olanzapini kidogo kwa usiku, kwa wiki mbili tatu tu, ili mabadiliko yaende taratibu na upate usingizi. Ya pili ni kuongeza propranololi, dawa ya presha na mapigo ya moyo ambayo imetumika kwa akathizia kwa miaka mingi. Huanza na dozi ndogo, miligramu 10 au 20 mara mbili kwa siku. Haifai kabisa kwa mwenye pumu, hivyo kama uliwahi kubanwa kifua hata utotoni, sema. Na kwa kuwa sukari yako imepanda, wajue pia: kama umeanzishiwa dawa ya kisukari, propranololi inaweza kuficha dalili za sukari kushuka, zile za moyo kwenda mbio na kutetemeka. Isikatwe ghafla nayo ukishaizoea.

Unaweza kupewa benzheksoli, ambayo wengi mnaijua kwa jina la Artane, kwa sababu ndiyo iliyopo kwenye dirisha la dawa na ndiyo inayotolewa kwa mazoea kwa kila udhia wa dawa za akili. Inasaidia vizuri mikono inayotetemeka, mwili uliokakamaa, na shingo iliyopinda. Kwa akathizia peke yake msaada wake ni mdogo. Si vibaya kuuliza kwa adabu, "Daktari, hii ni kwa ajili ya miguu au ya kutetemeka?" Mgonjwa anayeuliza hivyo hasumbui, anatusaidia kufikiri. Diazepamu kwa siku chache inaweza kukupa usingizi na kupunguza makali, lakini ni dawa ya siku chache kweli, kwa sababu mwili huizoea.

Ya tatu ni kubadilisha tena. Kuna aripiprazoli, ambayo haipandishi sana sukari wala haileti maziwa, ila haipatikani kila mahali, bei yake ni mzigo, na kwa bahati mbaya nayo huleta akathizia kwa baadhi ya watu. Na kuna njia ya kurudi kwenye olanzapini iliyokuponya, safari hii pamoja na metformini kwa ajili ya uzito na sukari. Usiione kama kushindwa. Kama dawa ilikupa miaka minne ya kazi na kulea watoto, ni mali, na inafaa kufikiriwa mara mbili kabla ya kuitupa. Uamuzi huo uhusishe sauti yako: wewe ndiye unayejua kipi kizito kwako kati ya kilo na kutolala, na majibu ya wanawake wawili hayawi sawa.

Piriton iache. Inaleta usingizi kwa watu wengi, lakini haigusi kinachokusukuma, ndiyo maana unazunguka uani huku macho mazito. Na kuna dawa moja ninayotaka uikariri jina: metoklopramidi, inayojulikana sana kama Plasil. Zahanati yoyote itakupa ukilalamika kutapika au kichefuchefu. Nayo huzuia dopamini, kwa hiyo inaweza kuleta akathizia yenyewe na kuizidisha ile iliyopo. Ukiwa na kichefuchefu waambie unameza risperidoni na miguu haitulii, wakutafutie nyingine. Vilevile, kama kuna daktari wa kwingine aliyekuandikia fluoksetini kwa ajili ya sonona, sema. Inazuia ini kuvunja risperidoni, na dozi ya 4 inakuwa kama umemeza zaidi.

Mpaka ufike kliniki, na siku chache baada ya hapo, mwili utakudai utembee, na usishindane nao. Tembea mchana. Kazi ya kusimama ifanye wewe, kukata vitambaa, kupiga pasi, kupima wateja, na mishono ya kukaa mpe msaidizi kama unaye, au ipange kwa vipande vifupi. Kahawa na chai ya rangi nzito ziache baada ya mchana. Pombe isikaribie. Ukinyanyuka kitandani kaa kwanza ukingoni, hesabu pumzi kadhaa ndipo usimame, kwa kuwa risperidoni inaweza kushusha presha kwa ghafla ukisimama, hasa wiki za mwanzo, na mama anayezunguka uani gizani akiwa hajalala ni rahisi kuanguka.

Habari ya hedhi na maziwa. Kwanza kabisa pima mimba. Kipimo cha mkojo kinapatikana duka la dawa lolote, na jibu lake linabadilisha mazungumzo yote ya dawa, kwa hiyo usikisie. Kama huna mimba, sababu inayoelekea zaidi ni risperidoni yenyewe. Dopamini ndiyo breki ya prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, na risperidoni ni kati ya dawa zinazoilegeza sana breki hiyo. Prolaktini ikipanda, maziwa hutoka na hedhi hukata au kupotea. Haimaanishi umeharibika kizazi, na dozi ikipungua au dawa ikibadilishwa mara nyingi vyote hurudi vilivyokuwa. Acha kubonyeza chuchu kuangalia kama bado yanatoka, kwa sababu kubonyeza kwenyewe kunauambia mwili utengeneze mengine. Hedhi kutoonekana pia si kinga ya mimba, hasa pale ambapo dawa inabadilishwa, kwa hiyo kama hamtaki mtoto sasa endelea na uzazi wa mpango. Udhia huu hauui, lakini usiubebe mwaka mzima kimya: hedhi ikikosekana muda mrefu mifupa hupungua nguvu. Na ukiwa na maumivu ya kichwa yasiyoisha pamoja na kuona vibaya pembeni, hilo waambie haraka, kuna sababu nyingine za maziwa ambazo lazima zitafutwe.

Yapo mambo mawili ambayo hayasubiri kesho, na naomba mumeo ayasome. La kwanza, homa kali pamoja na mwili kukakamaa kama ubao, jasho jingi na kuchanganyikiwa. Ni hatari adimu ya dawa hizi, lakini inaua. Kwetu homa yoyote huitwa malaria kwanza. Pimeni malaria, ndiyo, ila mtamkeni kwa mdomo kwamba mgonjwa anameza risperidoni na mwili umekakamaa, na dozi inayofuata isimezwe mpaka daktari amwone. La pili, shingo kupinda na kukwama, macho kugeukia juu yasishuke, ulimi kujikunja au koo kubana. Linatisha sana kuliangalia, na wengi hulidhani ni degedege au pepo. Mara nyingi hutokea siku za mwanzo za dawa au dozi inapopanda. Sindano moja hospitalini hulimaliza, mara nyingi ndani ya nusu saa.

Kuhusu mama mkwe. Sina ugomvi na maombi, na simwambii mtu aache imani yake ili apone. Nenda ukaombewe, ila dawa isiachwe na usifungiwe mahali usipoweza kutembea. Kumkalisha kwa nguvu mtu mwenye akathizia ni mateso ambayo huenda anayefanya hajui ukubwa wake. Mwambie mama kwamba kinachoitikisa miguu yako ni kidonge chenye jina na tarehe, na kwamba kikipunguzwa utakaa naye kwenye mkeka kama zamani. Na mumeo, ambaye naona ana hofu, hakosei kuogopa. Alikuona ulivyoumwa mara ya kwanza. Mpe kazi ya kufanya badala ya kubaki na hofu: atunze dawa, achukue ile video, aje nawe kliniki akaseme alichokiona.

Nunua daftari dogo. Kila siku andika saa uliyomeza dawa na kiasi chake, umelala saa ngapi mpaka saa ngapi, na muda mrefu zaidi uliokaa kitini bila kunyanyuka. Huo wa mwisho ndio kipimo chako kizuri kuliko vyote, kwa fundi cherehani kama wewe. Leo ni mshono nusu. Dozi ikipunguzwa, tegemea uone mabadiliko ndani ya siku chache hadi wiki moja, kwa wengine mbili, kwa sababu risperidoni huchukua siku kadhaa kushuka mwilini na ubongo nao huchukua muda kuzoea. Propranololi, ukipewa, mara nyingi huonyesha kazi yake ndani ya siku chache. Usiondoke kliniki bila tarehe ya karibu, wiki moja ikiwezekana, na bila namba ya simu ya kitengo. Wiki ikipita na daftari linaonyesha bado hujafika hata robo saa kwenye kiti, rudi nalo, uliweke juu ya meza ya daktari, na useme dozi hii bado si yangu.